GPS ya Kinga: Namna ya Kuchagua Ile Itatumikia Koperative



Kila wakati tunapokutana kwa mafunzo, kuna ulizo moja linarudi: "Agronome, tununue GPS gani ya kuweka kwenye kinga ya animatere wetu?" Mara nyingi mtu anatoa telefone na kuonyesha picha: mashini ndogo, nzuri, inafungwa mbele kwenye gido, inaonyesha njia, mwendo na saa. Komite inaanza kuhesabu pesa ya sanduku. Na mimi ninajibu kila mara kwa ulizo lingine: munataka ile mashini ifanye kazi gani?

Siulize vile juu ya kukwepa jibu. Mu koperative moja ya kahawa yenye ninafuata kule milimani, mtoto wa memba mmoja mwenye anaishi Ulaya aliwatumia kompyuta ya GPS ya kinga, ile ya watu wa mashindano. Ilikuwa zawadi ya roho safi. Animatere alizunguka nayo mashamba kwa siku sita, akiacha kinga njiani na kutembea kwa miguu mipakani. Tulipofungua kazi yake kwenye ordinatere, tukakuta mashamba mengi yamekatwa kona. Shamba moja lilionyesha mpaka unapita katikati ya kahawa ya ndugu mdogo na kuipa yule mukubwa migomba yote ya chini. Ile karatasi ilipofika nyumbani kwao, wandugu wawili wa tumbo moja walikaribia kwenda kushitakiana kwa chefu.

Mashini haikuharibika. Ilikuwa imewekwa ijisimamishe yenyewe kila mara mwendo unapopunguka, juu mtu wa mashindano akisimama kwa kunywa maji hataki ile dakika ihesabiwe. Animatere wetu alikuwa anatembea polepole mu kahawa, anasimama kusalimia mama moja, anakata tawi lenye linafunga njia. Kila mara mashini ililala. Ilipoamuka alikuwa amefika mbali, na yenyewe ikachora mstari wa moja kwa moja. Siku yenye kufuata tulirudi na kamba, tukapima mbele ya wandugu wote wawili na majirani, na mambo yakaisha. Lakini kazi ya siku sita ilipotea.

Kwa hiyo mbele ya kutoa hata franka moja, tuelewane kwanza juu ya mambo haya.

GPS inafanya nini kweli?

Watu wengi wanafikiri GPS inatumia rezo ya telefone. Hapana. GPS inasikiliza tu. Juu kabisa, karibu kilometre 20 200, kunazunguka satelite karibu 30 za Marekani zenye zinatuma ishara ya saa usiku na mchana. Mashini yako inasikia zile ishara, inapima muda zimetumia kwa kufika, na kutokea hapo inajua uko mbali namna gani na kila satelite. Ikisikia nne ao zaidi, inaweza kusema uko wapi. Hakuna yuniti za kulipa, hakuna megabaiti, hata mu bonde lenye halina antena yoyote.

Leo mashini nyingi zinasikia pia satelite za nchi zingine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Kwetu hiyo ni faida ya kweli. Milima inafunga nusu ya mbingu, na chini ya kivuli cha kakao ao migomba ishara zinapungua nguvu. Mashini yenye kusikia satelite za namna mingi inapata haraka na inakosea kidogo. Basi, kitu cha kwanza cha kusoma kwenye karatasi ya mashini ni hicho.

Mahali wazi, telefone ya kawaida ao GPS ndogo inakosea karibu mita 3 mpaka 5. Chini ya miti mingi ao pembeni ya ukuta wa mlima inaweza kukosea mita 10 na kupita. Shika hizi namba, tutazirudilia.

Kazi ni tatu, si moja

Kazi ya kwanza ni kupima njia. Kutoka mashambani mpaka kituo cha kuoshea kahawa ni kilometre ngapi? Kahawa iliyochumwa leo inapashwa kutolewa ganda leo, kwa hiyo njia ndefu ao mlima mukali ni hasara ya ubora. Tena koperative nyingi zinalipa wabebaji wa kinga kufuatana na kilometre. Mbebaji anasema ni 14, komite inasema ni 9, na kila mavuno ni kelele. Kwa kazi hii mashini ya kwenye kinga iko mahali pake kabisa.

Kazi ya pili ni kupima ukubwa wa shamba. Hapa tunataka hektare, juu ya mbegu, mbolea na mkopo wa pembejeo. Kwa kazi hii mtu anatembea mpakani kwa miguu. Kinga inabaki njiani.

Kazi ya tatu ni kuandika mahali shamba liko. Wanunuzi wa kahawa na kakao wenye kuuza Ulaya wanaiomba zaidi na zaidi, juu ya sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 juu ya misitu. Sheria hiyo inataka kuonyesha kwamba zao halikutoka mu shamba lenye lilikatwa mu msitu kiisha tarehe 31/12/2020. Siku ya kuanza kuitumia imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanakusanya habari tangu sasa. Kwa shamba la kahawa ao kakao lenye halipite hektare 4, pointi moja inatosha. Kama linapita hektare 4, wanataka mpaka wote wa kuzunguka. Wengi wetu tuko chini ya hektare 4. Ni kusema, kwa wamemba wengi, kazi ya tatu inahitaji pointi moja tu yenye kuandikwa vizuri, na hakuna lazima ya mashini ya bei kali.

Mashini zenye ziko sokoni

1. Kihesabu cha sumaku. Hiki si GPS, lakini ninakitaja kwanza juu kinasahauliwa. Sumaku ndogo inafungwa kwenye spoku ya gurudumu, na kila gurudumu likizunguka kinahesabu mara moja. Betri yake ndogo ya duara inaweza kumaliza mwaka. Bei iko chini, na kwa kilometre za njia kinapima vizuri sana hata chini ya msitu. Hakichori njia na hakijui uko wapi.

Lakini kinataka kuambiwa ukubwa wa gurudumu lako. Gurudumu la 28, la kinga zetu nyingi za zamani, linazunguka karibu mita 2,2. Usitumie namba ya kitabu, pima mwenyewe. Puliza upepo vizuri, weka alama ya chokaa kwenye mupira na chini, mtu akalie kinga, usukume mpaka alama iguse chini tena, kisha pima ule urefu kwa metre. Ukiandika 2,10 wakati ni 2,22, mu safari ya kilometre 20 utapoteza zaidi ya kilometre 1. Kwa mbebaji anayelipwa kwa kilometre, hiyo ni pesa ya chumvi.

2. Kompyuta ya GPS ya kinga. Ni ile ya picha: Garmin Edge, Wahoo, Bryton, iGPSPORT na zingine. Inafungwa kwenye gido, inaonekana mu jua kali, inavumilia mvua, inachora njia na kuhesabu kilometre. Zile zenye kipimo cha hewa ndani zinapima mlima vizuri kuliko GPS peke yake. Mipaka yake kwetu ni mitatu. Betri imefungwa ndani, inataka chaja. Nyingi hazina kazi ya kuhesabu hektare. Na nyingi zinahifadhi kazi mu faili la aina ya FIT, ambalo linataka programu, na mara nyingi intaneti, kwa kuligeuza. Kuhusu bei, zile kubwa zinapita dolari 500. Kwa hiyo pesa, koperative inaweza kununua kinga nyingine na mabaki yakabaki.

3. GPS ya mkono. Inafanana na telefone ya zamani, nzito kidogo, na vidude vya kufinya. Garmin eTrex inajulikana sana mu kazi za mashamba. Inakula betri mbili za AA, zile ndogo za torosi zenye zinapatikana hata mu kibanda cha kijiji. Kwa aina ya eTrex 22x, mtengenezaji anasema betri mbili zinafika saa 25. Ina kazi ya kupima eneo: unaanza, unazunguka, unamaliza, inakuambia hektare. Inahifadhi mu GPX, faili lenye karibu kila programu inaweza kusoma. Inaweza kufungwa kwenye gido kwa kishikio chake. Mbaya yake: kioo ni kidogo, na kuandika jina la memba na vidude vile ni kazi ya uvumilivu.

4. Telefone ya kioo. Tayari mutu fulani mu komite anayo. Ndani yake muko GPS, na kuko programu za bure zenye zinafanya kazi bila intaneti. OsmAnd inachora njia na kuhifadhi GPX, mukishusha ramani ya eneo mbele ya kutoka. KoboCollect inakuwezesha kuandika jina la memba, zao, umri wa miti, pointi na mpaka wa shamba mu fishi moja, na inaonyesha kosa la GPS kwa mita mbele ya kukubali pointi. Mbaya yake: kioo kinavunjika, betri inaisha mbele ya saa saba, na mvua ni adui.

Maulizo saba mbele ya kulipa

Sasa, ukisimama mbele ya mwenye kuuza, ao mutoto wa koperative akipiga simu kutoka ngambo na kuuliza "niwatumie gani?", mumuulize haya:

Moja. Inasikia satelite za namna ngapi? GPS peke yake inaweza kufanya kazi, lakini mu milima yetu tafuta yenye kusikia angalau mbili.

Mbili. Inakula nini? Kama kijiji hakina moto wa umeme, mashini ya AA ni bora. Kama ni ya chaja, hesabu pia bei ya pano solere ao pawabanki. Isipokuwa vile, itageuka pambo la ofisi.

Tatu. Inatoa GPX? Hili ndilo ulizo kubwa kuliko yote. Mashini inaweza kuanguka mu mto, lakini faili lililohifadhiwa mahali pawili linabaki. Kama kazi yenu haiwezi kutoka mu mashini bila akaunti ya kampani na intaneti ya nguvu, muachane nayo.

Ine. Ile kazi ya kujisimamisha yenyewe inaweza kuzimwa? Izimwe mbele ya kazi yoyote ya mashamba. Na iwekwe iandike pointi moja kila sekunde.

Tano. Inavumilia maji? Tafuta alama IPX7. Maana yake ni kwamba iliwekwa mu maji ya metre 1 kwa dakika 30 na haikuingia maji. Mu mwezi wa kumi na moja, kwetu hiyo si anasa.

Sita. Kishikio chake ni nguvu? Njia zetu zinatikisa kuliko barabara za Ulaya. Funga kamba ndogo ya usalama kutoka mashini mpaka gido. Nimeona telefone mbili zikianguka mu mawe juu ya kukosa kamba ya franka mia tano.

Saba. Nani ataitumikisha mwaka ujao? Kama ni mtu mmoja tu anaijua na kesho anaenda mjini kutafuta kazi, mashini imekufa. Mufundishe watu wawili, mmoja awe mama ao kijana mwenye kukaa kijijini.

Kwa nini shamba dogo linadanganya GPS

Sasa turudilie zile mita 3. Chukua shamba la metre 50 kwa 50. Ni metre karé 2 500, robo ya hektare. Kama GPS inasukuma kila upande inje metre 3, itaona 56 kwa 56, ni kusema 3 136. Kosa linafika 25 kwa 100! Kwa mahindi ya kilo 25 kwa hektare, unapashwa kupewa mbegu kilo 6 na robo, lakini karatasi itasema karibu kilo 8. Utalipa mkopo wa shamba lenye hauna.

Chukua sasa shamba la metre 200 kwa 200, hektare 4. Kwa kosa lilelile itaona 206 kwa 206, na hiyo ni 6 kwa 100 tu. Kweli, mara nyingi makosa hayaendi yote upande mmoja, kwa hiyo hesabu hii ni ya siku mbaya kabisa. Lakini fundisho ni wazi: shamba likiwa dogo, kosa linakuwa kubwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Chini ya robo ya hektare, tumia kamba ya metre 50 ao dekametre, mbele ya jirani. GPS itumike kwa pointi ya mahali tu. Kutoka robo mpaka hektare moja, zunguka mara mbili kwa GPS. Kama majibu mawili yanatofautiana kupita 10 kwa 100, zunguka mara ya tatu. Kupita hektare moja, GPS inafanya kazi vizuri na inaokoa siku nzima.

Jambo lingine linaleta kelele: kamba na GPS hazikubaliane mlimani. Kamba inafuata udongo wa mteremko, GPS inahesabu kama ndege anavyoona kutoka juu. Mu mteremko wenye kupanda metre 50 kwa kila metre 100, kamba ya metre 50 inakuwa karibu metre 45 tu kwenye ramani. Hakuna mtu ameiba. Muamue tu mu koperative kipimo gani kinatumika, na kitumike kwa wote.

Kutembea mpakani: mambo ya kufuata

Washa mashini inje, mahali wazi, na ungoje. Kama imekaa miezi bila kazi ao imeletwa kutoka mbali, inaweza kuchukua dakika 10 mpaka 15 siku ya kwanza, hasa bila intaneti. Usianze mbele kosa halijashuka kufika metre 5 ao karibu hapo.

Tembea na mwenye shamba na majirani wenye kugusana naye. Hii ni lazima. GPS haijui mpaka, inajua tu mahali mguu wako ulipita. Mpaka unajulikana na watu, miti ya alama na mawe.

Shika mashini juu, mbele ya kifua ao begani, si mu mfuko chini ya koti la mvua. Kwenye kila kona simama sekunde 10. Maliza palepale ulipoanzia.

Jioni, andika mu kaye: jina, tarehe, zao, ukubwa, na namba za pointi. Kaye haiishi betri.

Namba mbili zenye zinapoteza shamba

Mahali pa shamba panaandikwa kwa namba mbili. Kwa mfano, upande wa Kalehe: -2.104350 na 28.917820. Ya kwanza ni latitude, ya pili ni longitude. Sheria ya Ulaya inataka namba sita kiisha pointi. Weka mashini kwenye digrii za desimali na mfumo WGS84.

Ile alama ndogo ya kutoa, yenye iko mbele ya 2, inasema tuko kusini ya Ekweta. Ukiisahau, kahawa yako ya Kalehe inaruka karibu kilometre 470 kaskazini na kuanguka mu misitu ya ngambo ya pili ya Ekweta. Mwenye kuangalia ramani kule Ulaya ataona msitu mkubwa, na atasema ulikata msitu. Ukigeuza namba, ya pili mbele na ya kwanza nyuma, shamba litaonekana Algeria, mu jangwa la Sahara. Na kama telefone yako iko mu Kifransa, inaweza kuandika koma mahali pa pointi. Mashini zingine zitasoma vibaya. Makosa haya hayaponywe na mashini ya dolari 500. Yanaponywa na mtu wa pili mwenye anasoma tena kila mustari.

Usalama na heshima

Wandugu, tunaishi mu eneo lenye watu wameona mengi. Mtu akipita na mashini kwenye kinga, anapima pima, watu wanauliza: ni mtu wa migodi? anataka kununua udongo? ni mpelelezi? Kwa hiyo mbele ya kuanza, muende kwa chefu na kwa wenye usalama wa mahali, mueleze kazi, mupate barua yenye muhuri. Animatere aibebe kila siku. Kwenye bariere ajibu wazi, aonyeshe barua, asifiche mashini. Akiambiwa arudi, arudi. Hakuna hektare yenye thamani ya mtu.

Tena, mashini za kinga zinapenda kutuma safari zako kwenye intaneti ili marafiki waone. Mu mwezi wa kwanza wa 2018, ramani ya programu ya Strava ilionyesha dunia yote njia za wanajeshi wenye walikuwa wanakimbia kwa mazoezi ndani ya kambi zao. Hawakukusudia. Kwa hiyo, ukitumia mashini ya aina hiyo, zima kushirikisha, ao usiiunganishe kabisa na akaunti ya watu wote.

Na ile orodha ya majina na mashamba ni mali ya wamemba. Muandike mu kitabu cha mkutano: nani anaishika, kopi iko wapi, mnunuzi gani amepewa. Memba ana haki ya kuona karatasi ya shamba lake na kusema "hapa mumekosea" mbele haijatumwa popote.

Kwa ufupi, muchague gani?

Kama tatizo lenu ni kilometre za wabebaji tu: kihesabu cha sumaku, na gurudumu lipimwe mbele ya wabebaji wenyewe.

Kama tatizo ni pointi za wanunuzi na mashamba ya kati: telefone yenye iko tayari, KoboCollect ndani, kishikio cha nguvu, mfuko wa plastiki juu ya mvua, na pawabanki. Anzeni hapo, haiombi pesa mingi.

Kama mashamba ni mengi, mvua ni ya kila siku na umeme hakuna: GPS ya mkono ya betri za AA. Ndogo yake inauzwa Ulaya na Marekani karibu dolari 150; hesabu pia usafiri na forodha. Koperative mbili jirani zinaweza kununua moja pamoja na kupangana juma kwa juma.

Na kompyuta nzuri ya kinga? Kama mumepewa zawadi, mupokee na kushukuru. Zimeni kule kujisimamisha, muitumie kwa kuchora njia za kukusanya mavuno, na iacheni kwenye gido wakati munaingia shambani. Kama ni pesa ya sanduku, mimi singenunua.

Wale wandugu wawili wa mlimani, leo kila mmoja ana karatasi ya shamba lake, na mpaka wake umepandwa isale mstari mmoja. Tuliupima kwa kamba. Pointi ya GPS iko mu kaye, imesomwa mara mbili, na alama ya kutoa iko mahali pake.

Koperative yenye iko na mashini tayari na haijui kuizima kule kujisimamisha, iilete kwenye mkutano unaokuja. Tutafungua mipangilio pamoja, kila mtu aone kwa macho yake.